Megahazi za Mjomba Limbende

Vijana wangu mnaofungua maduka ya kompyuta hapa Masasi, nimewasikia mkilalamika kuwa wateja wa siku hizi ni wasumbufu. Mteja anataka mchezo wa mpira usikwame, anataka prosesa ikimbizwe hadi mwisho wa uwezo wake, na bado anataka sanduku liwe la baridi kama mtungi. Nawahurumia kidogo. Mimi nilikuwa na mteja ambaye kompyuta yake ikiganda mbele ya wageni, sioi.

Nitafika huko. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana ninyi mnakimbiza prosesa kwa kubofya kipanya huku mnakunywa soda, mkidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani na kasi yake iliyopangwa. Kuikimbiza ni kuilazimisha ifanye kazi kwa kasi zaidi ya ile. Sisi tulifungua sanduku, tukainamia ule ubao mkuu kwa tochi, tukatafuta vijipini vidogo kama meno ya mtoto, kisha tukahamisha kijikofia cha plastiki kutoka pini hizi kwenda zile. Kila mahali palikuwa na kasi yake. Kijikofia kikidondoka, kazi ya siku hiyo inakuwa kukitafuta. Kimoja changu kilimezwa na kuku wa jirani, na jirani akakataa kuchinja. Alisema kuku wake anataga, kompyuta yangu inataga nini?

Hiyo ilikuwa miaka ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu tulivyovizoea kwa foleni na kibali vilianza kuja kwa malori. Mfanyabiashara wa korosho akiuza vizuri, mwaka huu alinunua pikapu, mwaka ujao dishi la televisheni pana kama uwanja wa kukaushia muhogo, na mwaka wa tatu, akiwa hana tena cha kuwaonesha majirani, alinunua kompyuta. Aliiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufuma, na kuwaambia wageni ni ya mambo ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa mchezo wa mbio za magari.

Lakini kilichowatia wazimu zaidi ni namba. Kompyuta za wakati ule zikiwashwa, kabla ya jambo lolote, zilionesha kwenye skrini nyeusi, kwa maandishi meupe, kasi ya prosesa zake kwa kipimo cha megahazi. Namba ilikaa kidogo tu, kisha ikapita. Nimewaona watu wazima, wenye wake na maghala, wakizima na kuwasha, kuzima na kuwasha, ili mgeni aione. Mchezo hawakuucheza. Walikuwa wanasoma namba.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kugusa kompyuta. Aliitwa Mzee Benedikti, fundi wa redio kwenye karakana ya misheni, mtu mwenye hasira fupi na subira ndefu, na mpaka leo sijui aliviwekaje pamoja. Redio akishaitengeneza, hakumpa mwenyewe. Aliipandisha juu ya bati la karakana, jua kali, akaiacha ikiimba mpaka jioni. Wateja walikasirika.

"Mzee, redio yangu imepona au haijapona?"

"Imepona kivulini. Wewe utaisikilizia wapi?"

"Shambani."

"Basi ngoja."

Hilo ndilo somo lote la kukimbiza prosesa, vijana. Mengine ni bisibisi. Panda hatua moja, washa mchezo ule mzito, uache ujichezeshe wenyewe. Gusa lile pande la alumini lililo juu ya prosesa. Kidole kikivumilia, sawa. Sikiliza feni. Ikiganda, shuka hatua moja. Isipoganda, panda tena mpaka igande, halafu ushuke, kisha ushuke hatua nyingine moja ya heshima. Heshima kwa nani? Kwa jua la Masasi. Majabali yetu haya yanakunywa jua kutwa na kulitapika jioni. Mafundi wengi vijana wanaijua prosesa, hawayajui majabali.

Tena msidhani prosesa mbili za aina moja ni sawa. Ni kama watoto wa tumbo moja: mmoja ukimtuma anakimbia, mwingine ukimtuma anakuuliza kwa nini.

Na zile pesti za kupitisha joto, za kupaka kati ya prosesa na alumini, tumieni pesti yenyewe, tone dogo kama punje ya mtama. Nasema hivi kwa sababu ya karani mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka bara. Aliona ganda la korosho linatoa mafuta meusi mazito yanayonata, akaona amegundua utajiri. Akapaka. Sisi tuliozaliwa kwenye mikorosho tunajua mafuta yale yanababua ngozi kama moto, lakini hakuuliza. Alikuja dukani kwangu vidole vimevimba kama vitumbua, kompyuta imekufa, na nyumba yake nzima ilinuka korosho zinazobanguliwa. Watoto wa mtaa walikuwa wakigonga mlango kuuliza kama anauza.

Sasa nije kwa Limbende.

Nilikuwa nimempenda Somoe, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akiishi na mama yake hapa Masasi. Nikamtuma baba yangu mdogo akabishe hodi kama mshenga. Mama Somoe alimpokea vizuri, akampa maji, akamwambia, "Mimi nimezaa tu, shemeji. Mwenye neno yuko Newala."

Wenyeji mnaelewa. Kwa Wamakonde baba analea, lakini neno la mpwa kuolewa ni la mjomba. Na mjomba wa Somoe alikuwa Mzee Limbende, mnunuzi wa korosho, mwenye pikapu, dishi, na kompyuta chini ya kitambaa cha kufuma. Akasema hataki kumwona mshenga kwanza. Anamtaka kijana mwenyewe, aje na bisibisi.

Nikapanda Newala.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mjomba wa nani? Bado. Niite mteja." Akanikalisha mbele ya kompyuta. "Wewe ndiye uliyeshughulikia mashine ya Mpota?"

Mpota alikuwa mfanyabiashara wa bati na saruji hapa Masasi, Mmakua, mtani wake tangu shuleni. Nikasema ndiyo.

"Inakimbia ngapi?"

"Mia tatu na sabini na tano, mzee."

"Na yangu?"

"Mia tatu. Kama ilivyotoka kiwandani."

Akashika tama kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akasema, "Siku ya posa Mpota atakuwepo kwa dada yangu. Nitashuka na mashine hii. Unataka anikute kwenye mia tatu, kama mtu aliyevaa kaptula?"

Nikamweleza kuwa kasi ina mipaka yake. Hapo akageuka mwanauchumi.

"Fundi, serikali imeachia bei ya korosho. Imeachia sukari. Imeachia hata dola. Wewe ni nani uishikilie prosesa?"

"Siyo mimi mzee, ni joto."

"Walisema hivyohivyo kuhusu sukari. Nataka mia nne na hamsini. Na siku ya posa isigande mbele ya Mpota. Ikiganda, mshenga wako asijisumbue kurudi."

Nilifanya kazi ile kwa adabu zote. Nilifuta vumbi jekundu, nikapaka pesti, nikabadilisha feni, nikahamisha kijikofia. Mzee alikuwa nyuma yangu akitoa ushauri.

"Nimesikia Ulaya wanazipoza kwa maji. Mipira myembamba inazungusha maji juu ya prosesa."

Mkewe alikuwa uani akichambua mboga. "Maji yapi?"

"Ndoo moja tu, Mama Hadija."

"Ndoo hiyo imepanda mlima juu ya kichwa changu, Baba Hadija. Pikapu yako ikibeba korosho, maji nabeba mimi. Wewe mwenyewe unaoga kwa kopo, chuma kikaoge kwa ndoo?"

Mzee akaniambia kwa sauti ndogo, "Tuendelee na feni."

Na mia nne na hamsini ikasimama. Ilikimbiza magari kutwa nzima bila kukwama. Lakini nyumba ya Limbende ilikuwa karibu na ukingo wa uwanda, dirisha limefunguka kwenye bonde, na mnaujua upepo wa Newala unavyopanda pale. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa sweta.

"Mzee," nikasema, "hapa inasimama. Masasi sitoi ahadi."

"Mashine si ileile?"

"Ni ileile, lakini hewa siyo ileile."

"Mimi naenda Masasi kila wiki," akasema. "Sijawahi kuganda."

Nilipomsimulia Somoe, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawa hacheki tena. "Mjomba akisema hapana, mama hawezi kusema ndiyo," akasema. "Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi fanya unavyofanya. Ila nakuuliza, kwani mnaoana ninyi wawili?"

Siku ya posa ikafika, na ilikuwa msimu wa korosho, mvua bado, bati linalia kwa jua. Sasa, desturi inajulikana: mwenye posa haendi kwenye posa yake. Wazee wanakwenda kumsemea, yeye anakaa kwao akijifanya hana habari. Lakini asubuhi ile Limbende aliteremka na kompyuta imefungwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, akatuma mtu aniite. Sikuitwa kama mchumba. Niliitwa kama fundi.

Baba mdogo alinikuta nimepiga magoti chini ya meza ya Mama Somoe, nachomeka nyaya. Alishika kofia yake.

"Umekuja kujiposea mwenyewe?"

"Nimekuja kazini, baba."

"Aibu gani hii! Basi tukitaja jina lako, usiitike."

Wageni hawajafika, tukaijaribu. Mzunguko wa kwanza, sawa. Mzunguko wa pili, gari la Limbende likapaa kwenye daraja na kubaki hukohuko hewani, na spika zikashika mlio mmoja, trrrrrr, kama cherehani iliyopandwa na shetani. Nikagusa alumini, nikakimbizia kidole mdomoni. Nikafungua ubavu wa sanduku, nikaelekeza feni ya mezani ndani. Mzunguko wa tatu, likaganda tena.

Nikashusha hatua moja, hadi mia tatu na sabini na tano, maana ubao ule haukuwa na pini za kasi ya katikati. Magari yakakimbia mpaka mwisho wa mbio, laini kama samli.

"Imemaliza, mzee," nikasema.

"Namba ngapi?"

Nikamwambia.

"Hiyo ni ya Mpota."

"Lakini haigandi."

"Rudisha."

"Mzee, itaganda mbele yake."

"Fundi, sikiliza. Nikionekana na namba ya Mpota, hakuna posa. Ikiganda mbele ya Mpota, hakuna posa. Wewe ndiye fundi." Akaenda kunawa mikono.

Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, vijana, na nimekutana na kila aina ya hitilafu, lakini sijapata tena hitilafu iliyokaa namna ile. Mama Somoe alikuwa mlangoni na mwiko, amesikia yote. Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa ambaye daktari ametoka bila kuaga. Nikarudisha kijikofia kwenye mia nne na hamsini. Ningefanya nini?

Wageni wakaingia. Wazee wangu upande mmoja wa mkeka, wazee wa Somoe upande mwingine, wanawake nyuma ya pazia. Mimi pembeni, kando ya meza, na bisibisi kifuani kama nishani. Mpota akaja wa mwisho, tumbo mbele.

"Hodi! Naona Wamakonde wameshuka mlima kutafuta maji, wamesahau ndoo, wakabeba televisheni."

"Karibu, Mpota," akasema Limbende. "Umeuza bati mpaka la kwako, umekuja kutafuta kivuli? Njoo usome namba, kama shule ilikuachia herufi hata moja. Fundi, washa."

Nikawasha. Namba ikaja, ikapita, Mpota akiwa bado anavua viatu.

"Iko wapi?"

"Imepita."

"Imepita! Hata basi la asubuhi hupita, lakini tunaliona."

Watu wakacheka. Limbende akaona aibu, akanigeukia. "Zima uwashe tena. Na namba hiyo isimame, huyu asome. Macho yake yanatembea kwa mguu."

Nikazima, nikawasha, na namba ilipotokea nikabonyeza kile kitufe cha kusimamisha kilicho juu upande wa kulia wa kibodi, ambacho watu wengi huishi na kufa bila kukigusa. Skrini ikasimama hapohapo. Mia nne na hamsini, nyeupe juu ya weusi, wala haiendi popote. Mpota akavaa miwani, akasoma huku midomo ikicheza. Akasoma mara ya pili. Hakusema kitu, na mtani akikosa la kusema, jueni limemwingia. Wageni wengine wakainuka mmoja mmoja, wakaja kutazama, wakarudi kwenye mkeka wakitikisa vichwa.

Limbende akaniinamia sikioni. "Inaweza kukaa hivi mpaka lini?"

"Mpaka umeme ukatike, mzee."

"Na haigandi?"

Nililipima swali hilo kama fundi. Mashine iliyosimamishwa haina kazi, na isiyo na kazi haipati joto la kuizidi. "Ikiwa hivi," nikasema, "haiwezi kuganda."

"Basi asiiguse mtu."

Mpota akawa amepata sauti. "Haya, namba tumeiona. Weka magari tushindane!"

"Tumekuja kucheza au kuposa?" akasema Limbende. "Wazee wako kwenye mkeka."

"Nibonyeze mwenyewe basi," akasema Mpota, na mkono ukaenda kwenye kibodi. Kitufe chochote, hata herufi moja, kingeiondoa namba na kuipeleka mashine kwenye kazi, na kazi kwenye joto, na joto kwenye ukapera wangu. Nikapitisha mkono nyuma ya sanduku, nikachomoa waya wa kibodi. Kisha nikakichukua chote mbele yake, nikasema kinahitaji kupumzika, nikakisukuma chini ya mkeka na kukikalia.

Hivyo ndivyo nilivyohudhuria posa yangu. Kila nikijisogeza, vitufe vinalia chini yangu kama karanga. Mama Somoe alileta sinia la pilau. "Fundi, sogea ule na wenzako."

"Nashukuru mama. Niko sawa hapahapa."

Wazee wakaanza maneno. Upande wa Somoe wakauliza kijana ni mtu wa namna gani. Baba mdogo akajibu bila kunitazama, "Kijana wetu ni mtulivu. Hana papara. Akikaa mahali, amekaa."

"Naona," akasema Limbende.

"Ni mtu wa kazi. Akishika kitu hakiachi."

"Naona," akasema tena, na nyuma ya pazia mtu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Walipomaliza kula, Mpota akanawa, akapangusa ndevu, akarudia lake. "Sasa mbio. Yangu iko nyumbani, naileta."

Limbende akasimama. Mtu mwenye mia nne na hamsini nyuma ya mgongo wake husimama kwa namna ya pekee.

"Mbio na nani, Mpota? Yako ni mia tatu na sabini na tano, fundi wetu ni mmoja. Nikikimbia na wewe, watu watasema nimemwonea mtani wangu siku ya furaha."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Mpota naye akacheka, akampa mkono. Na tangu saa ile mpaka wageni wanaondoka, hakuna gari lililokimbia katika nyumba ile. Vijana, hiyo ndiyo prosesa iliyokimbizwa na kutulia kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Limbende akaomba watu wanyamaze. Akawageukia wazee wangu.

"Tumewasikia. Binti mmepewa."

Wanawake wakapiga vigelegele nyuma ya pazia. Akanyanyua mkono, bado hajamaliza.

"Lakini mfikishieni kijana wenu, popote alipo," akasema, macho yake yakiwa juu yangu, "neno langu mimi mjomba. Mpwa wangu amekuja duniani na kasi yake. Ndiyo inayomfaa. Asije akamkimbiza."